Umeonewa na polisi Arusha au Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa watu wa Arusha na Moshi waliopigwa, waliowekwa mahabusu isivyo halali, waliobambikiwa kesi, walioombwa fedha au waliopoteza mali mikononi mwa polisi, pamoja na ndugu wanaowahangaikia. Sheria zinazotajwa ni za Tanzania Bara. Namba za vifungu ni zile ambazo mawakili wengi wamezizoea. Sheria zilizofanyiwa urekebu za mwaka 2023 zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025 na baadhi ya namba zimehama, kwa hiyo hakiki namba kabla ya kuiandika kwenye hati ya mahakama.

## Saa na siku za mwanzo

1. Nimepigwa na askari. Nianzie hospitali au kituoni?

Kama unatoka damu, umepigwa kichwani, unatapika, umevunjika au unapumua kwa shida, nenda hospitali moja kwa moja: Mount Meru kwa Arusha, Mawenzi au KCMC kwa Moshi. Dharura hutibiwa kwanza, karatasi za polisi hufuata. Mtu aliyepigwa sana kwenye misuli au nyayo aangalie mkojo wake kwa siku mbili tatu. Ukigeuka kuwa na rangi ya kola, misuli iliyopondwa inaumiza figo, na hapo arudi hospitali saa hiyohiyo hata kama anajisikia nafuu.

Mweleze daktari ukweli kamili: nani amekupiga, kwa kitu gani, wapi, saa ngapi. Watu wengi kwa hofu husema "nimeanguka", daktari anaandika hivyo, na miezi kadhaa baadaye wakili wa Serikali anaisoma kadi hiyo mahakamani. Omba kila jeraha liandikwe lilipo, ukubwa wake na rangi yake. "Maumivu ya mwili" pekee hayamsaidii hakimu.

Piga picha za majeraha mchana, karibu na dirisha, ukiweka rula au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Rudia siku ya tatu na ya saba, maana michubuko mingi huonekana vizuri baadaye. Nguo zenye damu zisifuliwe. Ziache zikauke, uziweke kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu kwenye nailoni zitaoza.

2. PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) inatolewa na polisi walewale walionipiga. Nikinyimwa je?

PF3 hailipiwi, na si lazima itoke kituo ulichoonewa. Nenda kituo kingine, au ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), au kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa (RCO). Usiende peke yako: ongozana na wakili, msaidizi wa kisheria au mtu mzima anayeheshimika mtaani kwenu. Mwanamke au mtoto anaweza kuanzia Dawati la Jinsia na Watoto.

Ukinyimwa kabisa, andika tarehe, saa, kituo na aliyekukatalia, kisha uendelee na matibabu. PF3 si ushahidi pekee unaokubalika. Kumbukumbu za hospitali ni ushahidi, na daktari aliyekutibu anaweza kuitwa kutoa maelezo kwa mdomo. Tumeona watu wakikata tamaa kwa kukosa fomu hii, na hilo ni kosa kubwa kuliko kukosa fomu yenyewe.

Ukiipata, ikague kabla hujatoka hospitali: jina lako, tarehe, maelezo ya majeraha, jina la daktari, sahihi na muhuri. Ipige picha pande zote mbili, kwa sababu nakala halisi hurudi kwenye jalada la polisi na hutaiona tena kwa urahisi.

3. Niandike na kuhifadhi nini?

Andika siku hiyohiyo, kwa mkono wako, uweke tarehe na sahihi. Jina la askari likikosekana, namba yake ya jeshi, cheo begani, lafudhi, kovu au jina alilokuwa akiitwa na wenzake vinatosha kuanzia. Gari la polisi lina namba zinazoanza na PT. Orodhesha walioshuhudia na simu zao: mama ntilie, wenzako wa kijiweni, mlinzi wa duka.

Kamera za maduka na hoteli hufuta rekodi zake zenyewe baada ya siku chache. Muone mwenye duka siku hiyohiyo, umwombe kwa maandishi aihifadhi sehemu ya saa husika. Video iliyopigwa kwa simu ibaki kwenye simu iliyoipiga. Ikipitia WhatsApp hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa za lini ilipigwa, wakati Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi ushahidi wa namna hiyo ulivyotengenezwa na kutunzwa. Tuma nakala kwa wakili, usiirushe mitandaoni kabla hamjazungumza.

## Mtu akiwa mikononi mwa polisi

4. Ndugu yangu amekamatwa. Ana haki gani?

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20) inataka aambiwe sababu ya kukamatwa (kifungu cha 23), aruhusiwe kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki (kifungu cha 54), na atendewe kwa utu bila kuteswa wala kudhalilishwa (kifungu cha 55). Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba nayo inakataza mateso. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke.

Muda wa kumhoji ni saa nne tangu awe chini ya ulinzi. Unaweza kuongezwa, lakini kwa utaratibu na kwa kuandikwa. Muda wa safari, au wa kumsubiri wakili, hauhesabiwi, na hapo ndipo hoja nyingi za "saa nne zilipita" hukwama. Kwa hiyo familia iandike saa aliyokamatwa na saa aliyofika kituoni.

Aliyekamatwa bila hati, kama hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, anatakiwa apewe dhamana ya polisi, isipokuwa kosa likionekana kuwa zito (kifungu cha 32). Dhamana haina malipo. Anayedai "hela ya mafuta" au "hela ya karatasi" ili akuandikie dhamana anaomba rushwa. Tazama swali la 10.

5. Tumezunguka vituo vyote, kila mmoja anasema hayupo. Tufanye nini?

Zungukeni kwa mpangilio: kituo cha karibu na alipokamatwa, kituo kikuu cha wilaya, ofisi ya mkuu wa upelelezi wa wilaya (OC-CID), kisha RCO. Kila mahali andikeni saa na aliyewajibu. Waliomuona akipandishwa kwenye difenda waandike maelezo yao wakati bado wanakumbuka.

Siku ya pili ikipita bila jibu, wakili apeleke maombi Mahakama Kuu chini ya kifungu cha 390 cha Sura ya 20, ya kuitaka polisi imlete aliyeshikiliwa na ieleze inamshikilia kwa sheria gani. Arusha na Moshi zote zina masjala ndogo ya Mahakama Kuu. Maombi huambatana na kiapo chenye lini, wapi, nani walimchukua, mlimtafuta wapi na mlijibiwa nini. Viapo vingi huangushwa na maneno kama "tunaamini yuko kwa polisi" yasiyotaja aliyeona. Ombeni yasikilizwe kwa hati ya dharura.

Mara nyingi, siku moja kabla ya kusikilizwa, polisi humfikisha ndugu yenu mahakamani au humwachia. Maombi hayo huishia hapo, lakini lengo limetimia: mtu ameonekana. Siku alizoshikiliwa isivyo halali hudaiwa fidia kwa njia ya swali la 14.

6. Nimesaini maelezo kwa sababu ya kipigo. Nimekwisha?

Hapana. Chini ya kifungu cha 27 cha Sheria ya Ushahidi, ungamo (kukiri kosa) kwa polisi hupokelewa likiwa la hiari, na ni upande wa mashtaka unaobeba mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo.

Siku ya kwanza kabisa mbele ya hakimu, sema umepigwa, onyesha majeraha, uombe yaandikwe kwenye mwenendo wa kesi na upelekwe hospitali. Ukipelekwa kwa mlinzi wa amani (mtu aliyepewa kazi hiyo kisheria, si askari) kuandika maelezo ya ungamo, mwambie naye, kwa kuwa anatakiwa akuulize na kukukagua kabla hajaandika. Kisha, wakati maelezo yanatolewa kama kielelezo, pinga *kabla* hayajapokelewa, na mahakama itafanya uchunguzi mdogo wa jambo hilo pekee. Anayenyamaza mpaka wakati wa utetezi huambiwa amebuni baadaye. Kifungu cha 169 cha Sura ya 20 kinaipa mahakama uwezo wa kukataa pia vitu vilivyopatikana kwa kuvunja sheria hiyo.

7. Wamechukua simu, pikipiki na fedha zangu. Nitazirudishaje?

Askari anayekamata mali anatakiwa atoe stakabadhi, na sahihi za mwenye mali na mashahidi ziwepo (kifungu cha 38(3)). Idai palepale. Simu iandikwe kwa IMEI, pikipiki kwa namba ya chesisi, fedha kwa noti na jumla. Msisitizo wetu ni kwenye fedha: ndizo "hupungua" njiani, na bila hati ni neno lako dhidi ya lao.

Kama hukupewa hati, mwandikie OCD barua ndani ya siku chache ukiorodhesha kila kitu, ukiambatanisha risiti za manunuzi au kadi ya pikipiki. Kama kesi iko mahakamani, mali huombwa kwa hakimu huyo. Kama hakuna kesi na barua haijibiwi, thamani yake huingia kwenye madai ya fidia.

## Kulalamika

8. Ndani ya Jeshi la Polisi, nilalamike kwa nani?

Panda ngazi moja juu ya aliyekukosea. Askari wa kawaida: mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo: OCD. OCD au wapelelezi wa wilaya: kamanda wa polisi wa mkoa (RPC) na RCO. Ngazi ya mkoa: Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP), Dodoma.

Barua iwe ukurasa mmoja au mmoja na nusu: nani, wapi, lini, alifanya nini, ushahidi gani upo, unaomba nini. Matusi na tuhuma za jumla humpa msomaji sababu ya kuiweka pembeni. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo hutaweza kuonyesha baadaye kwamba ulilalamika.

Askari anaweza kushtakiwa kinidhamu chini ya Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi (Sura ya 322), akashushwa cheo au kufukuzwa. Hilo ni jambo kubwa, lakini halikulipi chochote na halisimamishi saa ya madai yako ya fidia (swali la 16).

9. Kenya kuna chombo huru cha kusimamia polisi. Kwetu je?

Kenya ina IPOA tangu 2011. Tanzania haina chombo huru cha namna hiyo cha kuchunguza polisi pekee, na tunaamini pengo hili ndilo linalowachosha waathirika wengi, kwa kuwa anayelalamikiwa na anayechunguza wanavaa sare moja.

Kilicho karibu zaidi ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyopo kwa Ibara ya 129 ya Katiba na Sheria Na. 7 ya 2001. Makao yake ni Dodoma. Kulalamika ni bure. Tume inaweza kuita maofisa, kudai nyaraka, kusuluhisha na kutoa mapendekezo. Haichunguzi jambo lililoko mahakamani, kwa hiyo kama unaitaka, itangulie kesi. Mapendekezo yake si hukumu. Faida yake kubwa ni taarifa ya uchunguzi na majibu ya polisi kwa maandishi, ambavyo wakili wako anaweza kuvitumia baadaye.

10. Askari ameniomba "chochote". Niripoti wapi?

TAKUKURU, simu ya bure 113, au ofisi zao za mkoa Arusha na Moshi. Piga *kabla* hujalipa. Wakipata nafasi huandaa mtego kwa fedha zilizowekwa alama, na huo ni ushahidi mzito kuliko maelezo ya baadaye. Kama ulishatuma kwa simu, usifute ujumbe wa muamala, na andika namba na jina lililojitokeza. Mara nyingi namba huwa ya wakala au ya rafiki wa askari, na TAKUKURU wanaweza kuifuatilia.

Kuomba rushwa ya ngono ili kutoa dhamana au kufuta kesi ni kosa linalojitegemea chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya 2007. Kwa trafiki, faini halali hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, haikabidhiwi askari barabarani.

## Kumshtaki askari kwa jinai

11. Askari anaweza kufungwa kama raia mwingine?

Ndiyo. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Mufindi, Septemba 2012, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari polisi kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Juni 2025 Mahakama Kuu Mtwara iliwahukumu maofisa wawili wa polisi kunyongwa kwa mauaji ya mfanyabiashara wa madini Mussa Hamisi, aliyeuawa Januari 2022. Walioshtakiwa walikuwa saba.

Tanzania haijaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso, na Kanuni ya Adhabu haina kosa linaloitwa "kutesa". Mashtaka huwa shambulio la kudhuru mwili, kudhuru vibaya, kumfungia mtu isivyo halali au mauaji. Ndiyo maana maelezo ya daktari (swali la 1) yana uzito: tofauti ya shambulio na kudhuru vibaya hutokana na jeraha lilivyoandikwa.

12. Nimekwenda kufungua jalada dhidi ya askari, nimenyimwa namba ya RB (namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni).

Andikia RCO, nakala kwa ofisi ya mashtaka ya mkoa, iliyo chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP), ambaye anaweza kuelekeza uchunguzi ufanyike. Ikishindikana, kifungu cha 128 cha Sura ya 20 kinamruhusu mtu yeyote mwenye sababu za msingi kupeleka lalamiko la jinai kwa hakimu moja kwa moja, na kifungu cha 99 kinamruhusu hakimu kukubali mashtaka yaendeshwe na mtu binafsi.

Njia hii hutumika mara chache. Wewe ndiye unayebeba kazi ya kuleta mashahidi, na DPP anaweza kuichukua kesi au kuifuta chini ya kifungu cha 91. Tunaishauri pale ushahidi ulipo kamili na wakili yupo, si kama njia ya kupoza hasira.

13. Ndugu yetu amefia mahabusu. Tuzike au tusubiri?

Subirini. Tunajua uzito wa kuchelewesha mazishi, hasa kwa familia za Kiislamu na kwa wanaosafirisha mwili kwenda Rombo au Same, lakini uchunguzi wa mwili uliofanyika kabla ya maziko hauna mbadala mzuri. Kufukua kunahitaji amri, na mwili ukishaharibika majeraha ya ngozi na misuli hupotea.

Ombeni kwa maandishi uchunguzi ufanywe na daktari wa magonjwa na vifo akishuhudiwa na daktari wa familia pamoja na ndugu mmoja. Pigeni picha mwili wote, nyayo na viganja vikiwemo. Msisaini karatasi yoyote inayotaja sababu ya kifo bila kuisoma na kubaki na nakala. Kisha ombeni uchunguzi wa kifo mbele ya korona, ambaye ni hakimu, chini ya Sheria ya Uchunguzi wa Vifo (Sura ya 24). Familia inaweza kuuliza mashahidi maswali kupitia wakili. Uchunguzi huo haumfungi mtu, lakini hutoa sababu ya kifo hadharani na kwa kiapo.

## Fidia

14. Namdai nani, na mahakama gani?

Serikali huwajibika kwa madhara yanayofanywa na watumishi wake wakiwa kazini (Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5). Unamdai Mkuu wa Jeshi la Polisi, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali *lazima* aunganishwe. Tangu marekebisho ya 2020, kumwacha nje kunaua shauri. Askari mwenyewe anaweza kuunganishwa pia. Mahakama ni Mahakama Kuu tu, hata kama unadai kiasi kidogo. Kila mwaka kuna anayefungua mahakama ya wilaya, akasikilizwa kwa muda mrefu, kisha yote yakafutwa.

Kama askari alikupiga kwenye ugomvi wake binafsi, tuseme wa mpaka wa shamba au wa baa akiwa nje ya zamu, Serikali itakataa kuhusika. Hapo unamdai yeye binafsi katika mahakama za kawaida.

15. Notisi ya siku 90 inaandikwaje?

Kabla ya kufungua shauri, kifungu cha 6 cha Sura ya 5 kinataka utoe notisi ya siku 90 kwa ofisi unayoidai, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Notisi itaje majina na anwani yako, tukio (tarehe, mahali, wahusika), sheria iliyovunjwa, hasara uliyopata na kiasi unachodai. Ambatanisha nakala, si nyaraka halisi.

Makosa yanayojirudia ni matatu. Notisi inapelekwa kituoni tu badala ya makao makuu. Uthibitisho wa kupokelewa haupo. Na shauri linafunguliwa siku ya 80 kwa sababu mdai amechoka kusubiri. Lolote kati ya hayo hutosha kwa pingamizi la awali, na shauri hufutwa kabla hata majeraha yako hayajatajwa.

16. Nina muda gani?

Sheria ya Ukomo (Sura ya 89) inatoa miaka mitatu kwa madai ya madhara. Lakini jedwali lake lina mwaka mmoja tu kwa madai ya fidia ya jambo linalodaiwa kutendwa kwa kutekeleza sheria iliyoandikwa, na mawakili wa Serikali hupenda kuiweka kesi ya polisi humo. Jihesabie mwaka mmoja. Na kwa kuwa notisi inakula miezi mitatu, ipeleke ndani ya miezi sita ya mwanzo. Ukiwa umepita mwaka, usijifungie mlango mwenyewe: mwone wakili, kwa maana aina ya madai hubadilisha hesabu.

17. Naweza kupata kiasi gani?

Hakuna bei ya kudumu. Fidia mahsusi ni ile unayoithibitisha shilingi kwa shilingi: dawa, eksirei, nauli, siku ambazo bajaji haikutembea. Isiyo na risiti hukatwa. Fidia ya jumla, kwa maumivu, aibu na uhuru uliopotea, hukadiriwa na jaji. Bodaboda anayeweka daftari la hesabu ya siku huwa na nafasi nzuri kuliko anayesema tu "nilikuwa napata elfu thelathini". Ukishinda, mali za Serikali hazipigwi mnada. Mahakama hutoa hati ya kiasi unachostahili, nayo hupelekwa Serikalini kulipwa. Kufuatilia malipo ni kazi inayojitegemea, ipangie muda.

18. Nilibambikiwa kesi na nimeachiwa huru. Je, ninadai?

Kuachiwa peke yake hakutoshi. Uonyeshe kwamba mdaiwa ndiye aliyeanzisha mashtaka, kesi iliisha kwa faida yako, hapakuwa na sababu ya msingi ya kukushtaki, palikuwa na nia mbaya, na uliumia. Nia mbaya ndiyo ngumu zaidi. Huonekana kwenye mambo kama kuombwa fedha kabla ya kushtakiwa, au kielelezo kisichokuwamo kwenye hati ya upekuzi. Chukua nakala iliyothibitishwa ya hukumu na mwenendo mapema. Ikiwa DPP aliondoa shauri chini ya kifungu cha 91, mashtaka yanaweza kurudi, na Serikali itasema kesi bado haijaisha.

19. Naweza kwenda kwa njia ya haki za kikatiba badala ya madai ya kawaida?

Ibara ya 30(3) ya Katiba na Sheria Na. 33 ya 1994 (Sura ya 3) zinaruhusu. Marekebisho ya mwaka 2020 yalikaza mlango: yalitaka uape jinsi wewe binafsi ulivyoathirika, na uonyeshe umemaliza njia nyingine zilizopo. Kwa mtu mmoja aliyepigwa, madai ya kawaida ndiyo yanayofika mbali. Njia ya kikatiba inafaa unapopinga sheria yenyewe au utaratibu unaoumiza wengi.

20. Askari wanataka "tuyamalize". Nikubali?

Ni uamuzi wako, na wapo walioyamaliza vizuri kwa kulipwa matibabu. Lakini usisaini ukiwa mahabusu au kituoni, wala karatasi inayosema "sina madai yoyote" kabla fedha hazijafika na kabla daktari hajasema umepona. Jeraha la kichwa au la jicho huweza kuonekana dogo leo. Kwa kifo, ubakaji au mtoto aliyeumizwa, usikubali kabisa. Makosa hayo si mali ya familia kuyasamehe kwa fedha.

## Mambo yasiyo ya kila siku

21. Sina fedha za wakili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) kina ofisi Arusha, na Moshi kuna KWIECO kwa wanawake na watoto. Msaidizi wa kisheria anaweza kuandika barua na kukusindikiza, lakini hawezi kukuwakilisha mahakamani. Muone mapema kwa notisi ya swali la 15, si siku ya kusikilizwa.

22. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko hapahapa Arusha. Si niende huko?

Kwa mtu binafsi, mlango huo umefungwa kwa malalamiko mapya dhidi ya Tanzania tangu 22 Novemba 2020, baada ya Serikali kuondoa tamko lililowaruhusu watu na asasi kwenda moja kwa moja. Kilichobaki ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, Banjul, baada ya kumaliza njia za ndani.

Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo Arusha, bado iko wazi kwa mkazi yeyote wa nchi wanachama. Haidai umalize njia za ndani. Lakini muda ni *miezi miwili* tu tangu tukio au tangu ulipolijua, na huwezi kuleta madai ya haki za binadamu pekee: ni lazima uyajenge kama uvunjaji wa misingi ya utawala wa sheria katika Ibara za 6(d) na 7(2) za Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Inaweza kutamka kwamba Serikali imevunja Mkataba. Haimfungi askari.

23. Walionipiga hawakuwa polisi, walikuwa mgambo wa jiji au askari wa hifadhi.

Hatua za maswali ya 1 hadi 3 hazibadiliki, na hapa polisi ndio wa kufungua jalada. Anayebadilika ni mdaiwa. Kwa mgambo wanaobomoa meza za wamachinga, ni Halmashauri ya Jiji la Arusha au ya Manispaa ya Moshi. Kwa askari wa hifadhi, ni mamlaka iliyowaajiri. Notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu vinahitajika huko pia. Sungusungu na vijana wa ulinzi shirikishi ni kesi ngumu zaidi. Kabla ya kuandika notisi, tafuta nani aliwatuma usiku huo na kwa barua gani, kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa.